Mkono Ulioiokota Glavu

Sehemu ya Kumi na Moja

Haya, tulieni basi. Wiki nzima mmenikaba koo: nani kaiokota? Ni mwendawazimu gani huyo? Sogezeni viti, maana leo sirudii mara mbili.

Tupo Winchester, ukumbi wa kifalme, mchana wa karamu. Mfalme Baldwin ametawazwa asubuhi hiyo hiyo, na taji bado linamwashawasha kichwani. Mezani kuna tausi wa kuchoma aliyevishwa tena manyoya yake. Ndipo Bwana Drogo, Mpiganaji wa Mfalme, akaingia na farasi wake hadi kati ya meza za wageni, kavaa chuma kuanzia utosi hadi ukucha. Akavua glavu yake ya chuma, akaibwaga sakafuni, akanguruma kama walivyonguruma baba yake na babu yake: "Anayesema Baldwin si mfalme wa haki, na aiokote hii!"

Ni desturi tu. Glavu hubwagwa, watu hunyamaza, mtumishi huiokota na kumrudishia mwenyewe, karamu huendelea. Wafalme wameingia na kutoka, na hakuna mgeni aliyewahi kuigusa.

Sasa kaiokota mtu. Na mtu huyo ni Lodi Ranulf wa Harrowmere.

"Nasema mimi," alisema, glavu mkononi. "Babu yangu alizaliwa wa kwanza, babu yake Baldwin alizaliwa wa pili. Babu yangu alikufa vitani, mdogo wake akakikalia kiti. Alisema anakishika kwa muda. Muda umekwisha. Inuka, Baldwin, ulipo ni pangu."

Kwenye meza ya wanawake, Bibi Hawise, mama mzazi wa Ranulf, alikuwa ametia tonge la mkate mdomoni. Alilitema kiganjani. Mwanawe hakuwa amemwambia neno juu ya hili. Asubuhi alimbusu shavu na kusema anakwenda kula tu.

Mfalme Baldwin, kijana asiye na ndevu bado, mafuta yakimchuruzika kidevuni, alimgeukia mwanamume aliyeketi kuumeni kwake. "Mjomba, hii inaruhusiwa?"

"Kufa kunaruhusiwa, mwanangu," alijibu Lodi Fulk. "Hakujawahi kukatazwa."

Huyu Fulk ndiye ndugu wa mama yake Mfalme, na ndiye anayeishika nchi hatamu. Taji liko kichwani kwa mpwa, ulimi uko kinywani kwa mjomba. Akapiga makofi. "Walinzi! Mkamateni huyo!"

Lo! Mabwana wakaanza kupiga meza kwa vikombe. "Glavu! Glavu! Desturi ifuatwe!" Msidhani walimpenda Ranulf. Wengi wao wasingempa hata maji. Ila walikuja kula tu, na ghafla wakaonjeshwa tamasha, nani angekubali linyang'anywe?

Ranulf akaufuata ule mlima wa chuma uliokuwa juu ya farasi. "Vipi, Drogo? Mbona huzungumzi? Hilo vazi la chuma la babu yako lilifuliwa kwa ajili ya mtu, na wewe umeingiza pipa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Drogo alikuwa mwekundu mpaka masikio. Maskini ya Mungu, tangu azaliwe hajampiga mtu, kazi yake ilikuwa kunguruma siku moja na kula siku zilizobaki. Na hapo ndipo ulipokuwa mpango mzima wa Ranulf: atapigana na Drogo, atamwangusha Drogo, na mabwana watakuwa wameona kwa macho yao hukumu ya Mungu.

Lakini Fulk hakuzaliwa jana.

"Vyema," alisema, akijifuta vidole. "Tufuate desturi, na tuifuate yote. Mpiganaji akiugua, anaweka mtu badala yake. Drogo, unaumwa?"

"Naumwa, bwana wangu," alisema Drogo upesi. "Naumwa sana."

"Pole. Mwiteni yule Mgaskoni."

Kicheko kikakatika. Mgaskoni akatokea mlangoni, mtu mwembamba, mkimya, shingo imejaa makovu. Watu wa Winchester walimjua. Alikodiwa na Fulk kutoka ng'ambo ya bahari mwaka uliopita, apigane kwa malipo, na kila aliyeingia naye uwanjani alitolewa amebebwa. Ranulf hakurudi nyuma, lakini shavu lake lilicheza kidogo, na aliyeliona ni mama yake peke yake.

*

Walimpeleka Ranulf chumba cha pembeni, kule kunakowekwa mapipa ya bia, avalishwe chuma. Bibi Hawise akaingia bila kubisha. Akawafukuza watumishi kwa macho tu.

"Inua mkono."

"Mama, toka nje."

"Inua mkono wako wa kulia, Ranulf. Gusa kichwa chako, nione."

Akauinua. Ukafika usawa wa bega, ukakwama papo hapo. Tangu Pasaka, alipoangushwa na farasi mawindoni, mkono ule haukuwahi kupita bega, na siri hiyo ilikuwa ya watu wawili tu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso kwa kujaribu.

"Ndio mkono wa kupigana na Mgaskoni huo?"

"Nilimtegemea Drogo."

"Ulimtegemea Drogo! Fulk amekupikia na kukupakulia, na wewe ukamtegemea Drogo! Omba radhi. Piga magoti, sema ulikuwa umelewa."

"Mimi nimpigie magoti yule mtoto mwenye mafuta kidevuni? Nikifa, nitakufa mfalme."

"Utakuwa mfalme wa funza."

Ranulf alimtazama mama yake kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonyesha. "Baba alinishika mkono akiwa anakata roho. Akaniambia, kiti ni chako, usikiache. Wewe ulikuwa umesimama pale pale. Ulinyamaza. Miaka yote hii, kila nikitaja kiti, unanyamaza. Kwa nini?"

Bibi Hawise alifungua kinywa, akakifunga.

"Umeona?" Ranulf alisema. "Wenzako wanalea wafalme. Wewe umelea woga ndani ya nyumba yetu. Toka, nivae."

Alitoka. Kwenye ujia alisimama. Alijua kwa nini alinyamaza, alijua vizuri mno. Na alijua pia kwamba kulikuwa na maneno ambayo yakitamkwa, pambano lingefutwa pale pale, Mgaskoni angerudisha upanga alani, na Ranulf angelala usiku ule akiwa hai. Angelala akimlaani mama yake, lakini hai. Bibi Hawise alikwisha zika mume mmoja, mtoto mmoja, kisha mume wa pili. Akasema moyoni, liwalo na liwe, huyu simziki.

*

Waliporudi ukumbini, Askofu alikuwa amesimama na sanduku la fedha lenye mifupa ya mtakatifu. Wapiganaji sharti waliapie. Lakini kabla ya kiapo kuna swali, na swali hilo Askofu aliliuliza huku akiwaza chakula chake kinachopoa.

"Yupo ajuaye sababu ya pambano hili kutofanyika?"

"Nipo."

Shingo zote zikageuka. Bibi Hawise alikuwa anashuka kutoka meza ya wanawake, mkono mmoja umeshika gauni asijikwae. Alipofika, aliweka kiganja juu ya sanduku bila kuambiwa.

"Ranulf hana haki ya kuigusa glavu hiyo. Mimi na Lodi Guy, baba yake, hatukuwa mume na mke."

"Mama!" Ranulf alifoka.

"Mume wangu wa kwanza alikuwa Hamon. Nilimzalia binti, Edith. Siku ya kumbatiza theluji ilifunga njia, msimamizi wake hakufika, na mtoto alikuwa mgonjwa, hakuweza kungoja. Lodi Guy alikuwa mgeni wetu, amekwama kwa theluji hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyempokea mwanangu kutoka kwenye maji ya ubatizo."

Mnung'uniko ulipita ukumbini, maana hapakuwa na aliyehitaji kuelezwa zaidi. Hata mpishi wa Kiingereza analijua hili: ukimsimamia mtoto ubatizo, umekuwa ndugu wa mama yake mbele ya Mungu. Kumwoa baadaye ni sawa na kumwoa dada yako. Ndoa ni hewa. Na watakaozaliwa humo ni haramu, hawarithi hata kigoda, sembuse kiti cha enzi.

"Kisha tauni ikaja," aliendelea. "Ikamchukua Hamon. Ikamchukua Edith. Guy alikuja kunipa pole, akabaki. Padri aliyebatiza alikwisha kufa kwa tauni hiyo. Tukaambiana, nani atajua? Basi ndiyo hiyo dhambi yangu. Nimeitoa."

Glavu ilimponyoka Ranulf, ikalia sakafuni.

"Sema ni uongo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, sema ni uongo."

"Mungu anihukumu, mwanangu. Ni kweli."

Ranulf alirudi nyuma hatua moja. Kisha akasema taratibu, kila mtu akasikia, "Kwa mdomo wako umenifanya sina baba. Basi na mama sina."

Yale maneno yalimwingia Bibi Hawise mpaka ndani. Hakulia. Alijisemea, mlaani mama yako, mwanangu, mlaani ukiwa unapumua.

Fulk alikuwa amesimama, uso unamng'aa. Ametafuta kamba ya kumfunga Ranulf miaka mingapi, na leo analetewa na mama mzazi, juu ya sahani! Lakini Askofu alikuna kichwa.

"Kanisa linataka mashahidi, bwana wangu."

"Mashahidi wa nini tena?" Fulk alimkatiza. "Mama anamvua mwanawe taji kwa kinywa chake mwenyewe, mkono juu ya mifupa mitakatifu! Atafaidika nini? Mwanamke asemaye vile dhidi ya damu yake hadanganyi. Neno la mama huyu linatosha. Au mnasemaje, mabwana?"

"Linatosha!" mabwana waliitikia.

"Askofu?"

"Haya, linatosha," alisema Askofu. "Nimelipokea. Yaliyoapwa hapa ni kweli."

Bibi Hawise alivuta pumzi. "Basi mwacheni aende. Mwanaharamu hamtishi mtu. Nitamrudisha nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Fulk aliuliza kwa upole. "Harrowmere? Ile ni ya mtoto wa Guy, Bibi, na umetuambia hayupo. Nitaitunza mimi." Watu wake wakacheka. "Lakini hilo ni dogo. Nimesema tutafuata desturi yote, sivyo? Mwenye damu ya kifalme akiiokota glavu, anapigana. Ni haki yake. Asiye na damu hiyo akiiokota, huyo si mshindani, ni mwasi tu, sawa na mwizi wa kuku. Na mwizi wa kuku hatumharibii Mgaskoni upanga wake." Akawageukia walinzi. "Leteni kamba. Kuna mti pale uani."

Jamani! Bibi Hawise alimwokoa mwanawe na upanga, akamfunga kitanzi kwa mikono yake mwenyewe. Upanga ungempa mwanawe nafasi, hata kama ni nyembamba. Kamba haina nafasi. Na kila neno lililoisokota alilitamka yeye, kwa hiari, mbele ya watu.

"Mfalme!" alilia. "Baldwin! Nilikupakata wewe ukiwa mchanga!"

Mfalme aliangalia sahani yake. "Mjomba ndiye anayejua sheria."

*

Kushoto kwa Mfalme aliketi mama yake, Melisende. Vizuri mfahamu jambo moja. Hawise na Melisende walilelewa nyumba moja, wakasukana nywele, wakalala kitanda kimoja wakati wa baridi. Mpaka leo wakiwa peke yao huitana somo. Kama kulikuwa na kinywa kimoja ukumbini ambacho Fulk asingeweza kukifunga, ni cha dada yake huyo.

Bibi Hawise alisogea mpaka kwenye meza ya juu. Walinzi walikuwa wameshamfunga Ranulf mikono nyuma.

"Somo," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie mwanao."

Melisende alikuwa anakizungusha kikombe chake cha mvinyo. "Mimi ni mwanamke tu, Hawise. Haya ni mambo ya wanaume."

"Neno moja. Sema, asinyongwe. Sikuombi Harrowmere, sikuombi cheo. Mpelekeni ng'ambo, mfungeni kwenye nyumba ya watawa, mnyoeni kipara. Nakuomba roho tu."

"Ungemlea vizuri."

"Melisende. Nakuomba kwa mara ya mwisho. Na unajua kwa nini nakuomba wewe."

Melisende aliinua macho. Walitazamana. Kulikuwa na kiapo kati yao, cha zamani, cha wajane wawili walioshikana mikono na kuahidiana kufa nacho. Hawise hajawahi kuvunja neno alilompa somo yake, na Melisende alilitegemea hilo.

"Kila mama na wake," alisema Melisende, akanywa.

Nyuma yao kitanzi kilipita kichwani kwa Ranulf. Hakupiga kelele. Hakumtazama hata mara moja yule aliyemzaa.

Bibi Hawise aligeuka. Alitembea mpaka kwenye sanduku la fedha, safari hii gauni hakulishika, na akaweka kiganja pale pale pa mwanzo.

"Baba Askofu, kiapo changu sijakimaliza."

"Umesema ya kutosha, mwanamke," alisema Fulk. "Mwondoeni."

"Wewe ndiye uliyesema neno langu linatosha! Mabwana wameitikia, Askofu amelipokea. Au linatosha kwa mwanangu tu? Mkuki kwa nguruwe, eh, Lodi Fulk?"

"Aseme!" bwana mmoja mzee alipiga meza. Mwingine akafuata. "Aseme! Aseme!"

Kule juu Melisende alikuwa amesimama. "Hawise," alisema. "Hawise, nyamaza. Nitamwambia. Sasa hivi nitamwambia."

"Umechelewa, somo." Bibi Hawise alipandisha sauti mpaka watumishi wa jikoni wakatokeza vichwa. "Siku ile ya theluji tulibatiza watoto wawili. Wa kwanza wangu. Wa pili wa huyu, Melisende, aliyezaa na mume wake wa kwanza; mtoto na baba yake wote walikufa kwa tauni. Msimamizi wake naye hakufika. Na Guy hakukwama peke yake kwetu. Alikuwa na mtoto wa baba yake mdogo. Guy akampokea wangu. Nduguye akampokea wa Melisende."

"Nduguye yupi?" Askofu aliuliza, ingawa rangi ilikwisha mtoka.

"Odo."

Odo, mwanamfalme Odo, ndiye aliyemwoa mjane Melisende tauni ilipopita. Odo ndiye aliyemzaa Baldwin.

Mvinyo wa Melisende ulikuwa unatambaa mezani, kikombe kimelala. Mfalme aliuona ule wekundu ukifika kwenye mkono wake, asiondoe mkono.

"Mama," alisema. "Anasema nini? Mama, sema ni uongo."

Melisende aligeuza uso.

"Kama nimedanganya, ashuke," alisema Bibi Hawise. "Aweke mkono wake hapa karibu na wangu. Sanduku halijajaa."

Melisende hakushuka. Alikaa kitini taratibu, akafunika uso kwa shela, na ukumbi mzima ukapata jibu lake.

"Ni njama!" Fulk alipayuka. "Mwanamke mmoja mwenye uchungu! Tangu lini neno la..." Akaishia hapo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikichimba mbele ya mabwana wote wa Uingereza. Askofu alifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena, asijue atafute nini. Mabwana waliokuwa wanapiga vikombe waliviacha, na mkono wa kila mmoja ulishuka chini ya meza, kiunoni, vilipo visu.

Askari aliyeshika kamba aliiachia. Si kwa huruma. Hakujua tena ni nani anayemtuma.

Ranulf, kitanzi kikining'inia shingoni, alimtazama mama yake kwa mara ya kwanza. "Mama, njoo huku," alisema. "Sogea nyuma yangu. Watakuua."

Bibi Hawise alipiga hatua moja kumfuata mwanawe, na hapo ndipo sauti ikatoka juu ya farasi. Ilikuwa ya Drogo, ambaye wote walikwisha msahau.

"Samahani," alisema. "Glavu yangu."

"Nyamaza, mpumbavu!" Fulk alimfokea.

"Ilikuwa pale, bwana wangu. Lodi Ranulf aliiangusha pale, karibu na mguu wa meza." Drogo alinyoosha kidole kinene sakafuni. "Haipo."

Wakatazama sakafuni wote kwa pamoja. Yalikuwepo majani makavu, mifupa ya tausi, na mbwa mmoja aliyelala. Glavu ya chuma haikuwepo.

Bibi Hawise aliinua macho polepole, akaanza kutazama uso mmoja mmoja, meza hadi meza. Mabwana wote walimtazama bila kupepesa, na wote walikuwa wameficha mikono chini ya meza.